Mtaro wa Mvua Si Bomba la Majitaka

Msikilizaji, katika miji ya Marekani, kando ya barabara, huonekana matundu yaliyofunikwa kwa wavu wa chuma. Humo ndimo yanamoingia maji ya mvua. Watu wengi hudhani kwamba chochote kinachomwagwa humo huishia kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Sivyo. Ukiacha baadhi ya mitaa ya kale ambako bomba ni moja, maji ya vyooni na jikoni yana njia yake, na ya mvua yana yake; nayo haya ya mvua humwagika mtoni, ziwani au baharini bila kusafishwa mtamboni. Fundi wa magari anayemimina oili chafu katika tundu hilo hana tofauti na aliyeibeba ndoo yake hadi ukingoni mwa mto.

Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 ilivibana kwanza viwanda na mitambo ya majitaka. Mitaro ya mvua ilifikiwa baadaye, Bunge la Marekani lilipoirekebisha sheria hiyo mwaka 1987. Kanuni za 1990 ziliihusu miji yenye watu 100,000 na zaidi. Zile za 1999 zikaigeukia mingi iliyo midogo. Serikali kuu haikubisha hodi nyumba kwa nyumba. Iliitaka miji yenyewe itunge sheria ndogo za kupiga marufuku umwagaji haramu, kuusaka na kuukomesha.

Marufuku hayo yana msamaha. Maji ya kuzimia moto, ya kumwagilia bustani, hata ya mtu anayeosha gari lake nyumbani, kwa kawaida huachwa, ila mji ukiona yanachafua. Mwenye biashara ya kuosha magari hana msamaha huo, wala mwenye mgahawa anayesuuza mapipa ya mafuta uani.

Uzito wa jambo hili, hata hivyo, umo katika mabomba yasiyoonekana. Fundi wa miaka mingi iliyopita alikosea, akaliunganisha bomba la choo na mtaro wa mvua. Nyumba ikauzwa, ikauzwa tena, na mmiliki wa leo anapokea barua ya kumtaka abomoe sakafu. Sheria ndogo ya mfano inayotolewa na shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, inahesabu muungano wa namna hiyo kuwa haramu hata kama uliruhusiwa ulipojengwa. Uchungu wa mwenye nyumba unaeleweka. Lakini vijidudu vya kuharisha haviulizi nani alikosea.

Wakaguzi hungoja ukavu. Mtaro unaotiririka ilhali mvua haijanyesha kwa siku 2 au 3 umejishtaki wenyewe. Hupanda nao chemba baada ya chemba, wakipima amonia na sabuni, mpaka mtaa unaotiliwa shaka. Kisha rangi humiminwa chooni, au moshi hupulizwa bombani, watu wakaangalia unakotokea.

Mjini Boston, Mto Charles ulipewa na EPA alama D mwaka 1995. Yakasakwa mabomba ya nyumba yaliyoishia mitaroni, yakakatwa. Mitaa yenye bomba moja nayo ikatenganishiwa mabomba. Alama zikapanda, na mwezi Julai 2013 wakazi waliruhusiwa kuogelea humo kwa burudani, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 50.

Wenyeji wa Dar es Salaam wanalijua jambo lililo jirani na hili: kutapisha vyoo. Masika yakishuka, wapo wanaotoboa karo zao ili mvua ichukue kilichomo, na kilichomo hupita mlangoni kwa jirani wa bondeni. Huko nako ni kosa kisheria. Lakini mkaguzi wa Boston anapolikata bomba la choo, kuna bomba jingine barabarani la kuliunganisha. Katika vichochoro vingi vya Dar es Salaam bomba hilo la pili halijafika, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya. Hivyo anayetozwa faini leo hurudi nyumbani kwenye karo lile lile, limejaa.