Karanga za Jikoni Mwetu: Mazungumzo na Walaji wa Tunduma



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya chakula kinachopikwa nyumbani, na hasa juu ya karanga, kwa kuwa katika mkoa huu wa Songwe karanga ni kiungo cha kila siku. Imo katika majani ya maboga na kisamvu, imo katika kashata za watoto, imo pia katika chikanda, ambacho majirani zetu wa Zambia hukikata vipande kama mkate. Chikanda hutokana na viazi vidogo vya okidi za porini, lakini pasipo unga wa karanga hakiwi chikanda. (Viazi hivyo vikichimbwa, mmea hufa. Ndiyo sababu okidi zote za porini zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali.)

Adui wa karanga ni sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi, shambani wakati wa ukame au ghalani penye unyevu. Haina harufu, na kwa macho haionekani. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibikiwa ini, na huweza kupata saratani ya ini. Wengi hudhani kukaanga au kuchemsha kwatosha. Hakutoshi, kwani sumukuvu hustahimili moto wa jikoni.

Basi ulinzi huanza sokoni. Sisi tunashauri, bila kusitasita, kwamba mlaji asinunue karanga zilizokwisha kusagwa ikiwa hamfahamu aliyezisaga. Unga hauchambuliki: punje iliyooza na punje njema zikishaingia mashineni, hakuna ajuaye. Kashata nayo ina hila yake, maana sukari iliyoungua huficha uchungu wa karanga mbovu. Nunueni karanga nzima, mzichambue mchana penye mwanga, mkitoa zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Kazi hii yachosha, tunajua, lakini hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa.

Wanaomenya karanga zao wenyewe wasiloweshe maganda ili yalainike. Maji hayo ndiyo yanayowaalika kuvu. Karanga zikaushwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, na magunia yawekwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Zile zilizochambuliwa zifukiwe. Tumeona zikipewa ng'ombe na kuku kana kwamba hasara imeokolewa. Ilhali ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, nayo humrudia mtoto yule yule tuliyemlinda na kashata.

Kuhusu bustani za nyuma ya nyumba tutasema machache. Mchicha, mnafu na maboga humpunguzia mlaji gharama, na mwenye bustani ajua alichomwagilia. Hatari iliyopo ni dawa ya kahawa iliyobaki kunyunyizwa kwenye mboga. Dawa hutumika kwa zao lililoandikwa kwenye lebo tu, na baada ya kunyunyiza sharti zipite siku za kungoja zilizotajwa humo kabla ya kuchuma. Chupa isiyo na lebo isitumike kabisa.

Kwa wale wanaopika kashata au kusaga siagi ya karanga kwa ajili ya kuuza: tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mjasiriamali mdogo huanza kwa kupata barua ya utambulisho kutoka SIDO. Mnunuzi naye anayo haki ya kuuliza alama ya ubora, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi. Akipata bidhaa anayoitilia shaka, asiitupe. Aihifadhi pamoja na kifungashio chake, na aipeleke kwa afisa afya wa kata.