Ugonjwa wa kuvuja mukojo kisha kuzaa

Mama wapenzi, jambo la leo wengi wanalificha. Kuna wanawake wanaokaa nyuma kabisa katika mikutano, ao hawafiki tena, kwa sababu mukojo unatoka wenyewe muchana na usiku. Waganga wanauita fistula. Kijijini watu wanasema: amelogwa, ao alikuwa na bwana mwingine. Uongo mutupu! Sikilizeni namna unavyokuja.

Uchungu ukiendelea siku mbili tatu na mutoto hawezi kupita, kichwa chake kinagandamiza kibofu cha mukojo juu ya mufupa wa mbele. Damu haifiki tena katika nyama ile. Inakufa, na kisha siku chache inaanguka, tundu linabaki. Mara nyingi mutoto naye amekufa.

Basi, uchungu ukikushika asubuhi na jua linatua mutoto hajatoka, anza safari ya lopitali, hata kwa kipoyi. Usingoje mama mukwe akubali.

Na kama mukojo unaanza kuvuja siku zile za kwanza kisha kuzaa, rudi upesi. Munganga anaweza kutia mupira ndani ya kibofu na kuuacha majuma 4 mpaka 6. Tundu likiwa dogo, pengine litajifunga lenyewe. Likikataa, au kama limekuwa la zamani, linashonwa. Hata aliyevuja miaka mingi anaweza kupona. Kule Bukavu lopitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999, inafanya kazi hii; Goma vilevile, kwa HEAL Africa.

Wengine wanauliza: nitalala pale siku ngapi? Swali zuri, maana shamba na watoto vinangoja. Zamani, kisha kushonwa, wengi walikaa na mupira siku 14 ao zaidi. Waganga walitaka kujua kama siku 7 zinatosha. Walifuata wanawake 524 katika inchi 8 za Afrika, Kongo yetu ndani. Wamoja walipewa siku 7, wengine 14, bila kuchagua mutu. Kisha miezi 3 walihesabu wale ambao tundu lilifunguka tena: karibu 4 kwa 100 upande mumoja, 3 kwa 100 upande wa pili. Ni karibu sawasawa. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2015. Lakini ni kwa tundu jepesi; munganga ndiye anapima, usiombe kutolewa mupira mbele ya wakati.

Jambo moja linanisikitisha: mwenye kuvuja anaacha kunywa maji ili asilowe. Mukojo unakuwa mukali, unachoma ngozi, na mawe yanaweza kufanyika ndani ya kibofu. Kunywa, mama, kunywa sana, na ujioshe mara nyingi.

Kisha kushonwa, usilale na bwana miezi 3 ao zaidi, namna munganga atakavyosema. Bwana naye aje kusikia maneno haya kwa masikio yake. Mimba ingine ikifika, njoo kliniki mapema: mutoto yule kwa kawaida atatolewa kwa kupasuliwa, na utakaa karibu na lopitali mbele uchungu haujaanza.