Ukungu wa Mkate na Sumu ya Mahindi

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa Loresho, Nairobi

Enyi wazazi na walimu, mtoto huambiwa kila siku anawe mikono kwa sababu ya vijidudu, naye hajapata kuviona hata mara moja. Hukubali kwa adabu tu, kisha akasahau. Afadhali ajionee.

Mwalimu na atwae vipande vinne vya mkate na mitungi minne ya kioo yenye vifuniko. Kipande cha kwanza kishikwe kwa uma safi. Cha pili kipitishwe mikononi mwa watoto watokao kucheza. Cha tatu kishikwe kwa mikono iliyooshwa kwa maji matupu, na cha nne kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Kila kimoja kinyunyiziwe maji kidogo, kisha mtungi ufungwe. Mkate uliookwa nyumbani ni bora, maana mikate mingi ya dukani hutiwa dawa ya kuzuia ukungu. Mwezi wa Julai, kwa baridi ya Loresho, watoto wawe na subira, kwani ukungu hupenda joto. Kila asubuhi wachore wayaonayo, wala mtungi usifunguliwe kamwe: vumbi la ukungu ni mbegu zake, nalo hudhuru kifua.

Mara nyingi kipande cha mikono michafu hutangulia kuoza, lakini si lazima, maana mbegu hizo huelea hewani pia. Kisipotangulia, mwalimu asifiche. Awaulize watoto sababu.

Hamira nayo ni jamaa ya ukungu. Itiwe chupani pamoja na sukari na maji ya vuguvugu, mdomo wa chupa uvikwe puto, na baada ya muda puto litainuka kwa hewa ile ile iumuayo mandazi. Tena ni ukungu uliomwonyesha Alexander Fleming, huko London mwaka 1928, njia ya kupata penisilini.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kukaa Nairobi si kinga, kwani unga wa mjini hutoka shambani.

Basi watoto na wafundishwe kupima mahindi. Chupa kavu ijazwe mahindi hadi theluthi, iongezwe vijiko vichache vya chumvi kavu, itikiswe dakika chache, kisha iachwe itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka. Yarudishwe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Hata isipogandamana yaanikwe zaidi, kwa kuwa chumvi hutambua unyevu uliozidi sehemu 15 kwa mia tu, na mahindi ya kuwekwa ghalani hayapaswi kuzidi 13 na nusu.