Fanani Asiyeonekana: James Earl Jones na Sanaa ya Sauti katika Filamu za Katuni

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, fanani huelezwa kuwa mtu anayekutana na hadhira yake ana kwa ana. Mtambaji wa ngano ana macho ya kukodoa, mikono ya kupunga, na miguu ya kumwigiza fisi achechemeaye. Hadhira nayo humwitikia, humcheka, humpigia makofi. Je, itakuwaje fanani huyo akinyimwa uso, mikono na hadhira, akaachiwa sauti peke yake? Mhadhara huu unalijibu swali hilo kwa kupitia maisha na kazi ya James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyempa sauti Mufasa, baba yake Simba, katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994. Hoja inayotetewa ni moja: sauti ya mwigizaji si kipaji cha koo tu, bali ni kazi iliyofanyiwa jitihada, na kwa sababu hiyo ina mwenyewe.

Jones alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, katika jimbo la Mississippi. Baba yake, Robert Earl Jones, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji, hakuishi naye. Mtoto alilelewa na babu na bibi wazaa mama. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, wazee hao walihamia shambani katika jimbo la Michigan. Uhamisho huo ulimtikisa mtoto, akashikwa na kigugumizi kikali kiasi cha kuamua kunyamaza. Kwa takriban miaka minane hakusema shuleni ila kwa nadra; majibu yake aliyaandika.

Aliyemrudisha katika usemi ni mwalimu wake wa Kiingereza, Donald Crouch. Mwalimu huyo aligundua kwamba kijana aliyenyamaza alikuwa akitunga mashairi. Siku moja alimtaka alighani shairi lake kwa moyo mbele ya darasa, ili athibitishe kuwa ni lake. Kijana akalighani, na kigugumizi hakikutokea. Kwa mwanaisimu, tukio hili lina maana kubwa. Mizani na mapigo ya shairi humpangia msemaji mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa mkazo na mahali pa kituo. Anayejikwaa katika mazungumzo huweza kupata njia katika utungo. Wahenga wamenena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata uzeeni Jones alikiri kwamba kigugumizi hakikumtoka kabisa, na kwamba alizoea kuyachagua maneno yake kwa uangalifu. Ule utulivu wa usemi uliosifiwa duniani kote, basi, ulikuwa na asili yake katika taabu.

Jones alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, ambako alianza kwa nia ya kuwa tabibu kisha akageukia tamthilia, akahitimu mwaka 1955. Alipata sifa kwanza jukwaani: alitunukiwa tuzo ya Tony mwaka 1969 kwa mchezo wa The Great White Hope, na tena mwaka 1987 kwa mchezo wa Fences. Mwaka 1977 alimpa sauti Darth Vader katika filamu ya Star Wars, ilhali mwili wa mhusika huyo uliigizwa na David Prowse. Kwa kazi hiyo alilipwa dola 7,000, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu, kwa matakwa yake mwenyewe. Aliona kuwa mchango wake haukuzidi ule wa mafundi wa vionjo. Hapo ndipo penye kitendawili: mwenye sauti mwenyewe aliidunisha kazi ya sauti.

Filamu ya katuni inaonyesha kinyume chake. Kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza, na wachoraji huchora baadaye wakiifuata. Mdomo wa mhusika hufunguka pale mwigizaji alipofungua wake, na kifua hutuna pale alipovuta pumzi. Kwa hiyo mchoro ni mtoto wa sauti. Katika The Lion King, tazama Mufasa anapomkemea mwanawe kwa kwenda mahali alipokatazwa. Kiimbo kinaanza chini, kizito, chenye vituo virefu; kisha kinapanda kidogo kidogo hadi hasira inageuka mzaha, na baba na mwana wanagaagaa nyasini. Mpito huo haumo katika maneno yaliyoandikwa, umo kooni. Mufasa anapofariki, filamu haijafika hata nusu. Anaporejea mawinguni, kinachomrudisha hasa ni sauti.

Kwa wasemaji wa Kiswahili filamu hiyo ina uhusiano wa karibu zaidi. Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu, na Rafiki, aliyepewa sauti na Robert Guillaume, anatamka Kiswahili dhahiri. Hata hivyo, kukopwa kwa majina si sawa na kusikika kwa lugha. Filamu ya kigeni ikitiwa sauti za Kiswahili, mwigizaji hulazimika kuufuata mdomo uliokwisha kuchorwa kwa ajili ya lugha nyingine. Neno la Kiingereza linaloishia kwa m au p huufunga mdomo wa mhusika, ilhali neno la Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu na kuuacha wazi. Ndiyo maana kazi kama Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, ina thamani kubwa: humo Kiswahili hakikuja kama mgeni.

Mwaka 2022 ilifahamika kwamba Jones, akiwa amepita umri wa miaka 90, alikuwa ameridhia rekodi zake za zamani zitumike kuiunda upya sauti ya Darth Vader kwa kompyuta. Alifariki tarehe 9 Septemba 2024. Mei 2025, sauti hiyo iliyoundwa kwa kompyuta ilipotumika katika mchezo wa Fortnite kwa ridhaa ya familia yake, chama cha waigizaji cha SAG-AFTRA kiliwasilisha malalamiko kwamba hakikushirikishwa katika majadiliano. Jones aliulizwa, akakubali. Je, waigizaji wa redio na katuni wa Kiswahili, ambao sauti zao zimehifadhiwa bila mkataba unaotaja jambo hilo, wataulizwa?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Taaluma ya Kiswahili imeandika mengi kuhusu maneno ya fanani na machache kuhusu sauti yake. Isipoorodhesha majina ya waliotamka, ikachunguza kiimbo na vituo vyao kama inavyochunguza vina na mizani, itakuwa imewaambia wenye kurithi kanda hizo kwamba sauti zilizomo hazina wenyewe. Kijana wa Michigan aliambiwa athibitishe kuwa shairi ni lake, naye akathibitisha kwa kulitamka.