Masafa ya Muscat na Unguja



Kutoka Muscat hadi Unguja ni yapata kilomita 3,900. Babu zetu walivuka kwa jahazi, wakisukumwa na kaskazi kwa wiki kadhaa. Leo ndege isiyotua njiani huchukua kama saa tano na nusu. Nami, karani wa serikali niliyezoea tarakimu, niliridhika na hesabu hiyo: kwetu ni karibu, nitakwenda mwakani. Mama alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri. Nilifika baada ya isha, udongo ungali mbichi. Jeneza halikuweza kuningoja muda huo mfupi.

Basi wanangu, waendeeni wazee wangali hai. Masafa hupunguzwa kwa kwenda, si kwa kuhesabu.