Minandi wa Ontario

Leo tunavuka bahari hadi jimbo la Ontario, Kanada, kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Huko mnandi, ndege mweusi anayezamia samaki kisha akasimama juani na mbawa wazi zikauke, alipungua sana kwa sababu ya DDT, dawa ya wadudu iliyofanya maganda ya mayai yake yawe membamba. Dawa hiyo ilipodhibitiwa miaka ya 1970, akaongezeka hadi wavuvi wakalalamika. Kila mnandi hula karibu nusu kilo ya samaki kwa siku, na kinyesi chake hukausha miti anayojengea viota.

Mwaka 2020 serikali ya jimbo iliruhusu awindwe kuanzia Septemba 15 hadi Desemba 31, ndege 15 kwa mwindaji kwa siku. Pendekezo la awali lilikuwa 50, tena kuanzia Machi. Afadhali lilibadilishwa: ukiua mzazi wakati wa kulea, makinda hufa njaa kiotani.

Kwa maoni yangu, kupaka mayai mafuta ni bora kuliko risasi. Mafuta huzuia hewa, kifaranga hakikui, nao wazazi huendelea kuatamia bila kutaga mengine.