Shahada ya Katuni: Mtoto Wetu Atakula Nini?

(Mazungumzo na vijana na wazazi, Ndanai, baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana, nimeombwa nizungumze juu ya kazi. Swali lililonileta hapa liliulizwa na mama mmoja tuliyekutana sokoni. Aliniambia: "Mwanangu, tuliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili huyu kijana amalize chuo. Sasa amerudi na shahada ya animesheni. Ati ni kuchora katuni. Wewe uko kwa kazi hiyo, niambie ukweli: katuni zitamlisha?"

Nilicheka kidogo, lakini nilipofika nyumbani sikuweza kucheka tena. Ng'ombe wawili si mchezo. Jibu langu ni kwamba zitamlisha, ila huenda isiwe kwa njia anayoingoja yeye.

Kazi yenyewe ni nini?

Katika filamu, sekunde moja hubeba picha 24. Dakika moja ni picha 1,440. Kazi hiyo hugawanywa. Mmoja huandika hadithi, mwingine huichora kama rasimu, wa tatu hubuni sura za wahusika. Yuko anayewatia mifupa ndani ya kompyuta ili waweze kutembea, na yuko anayewatembeza. Wengine hushika mandhari, mwanga na sauti. Na yuko asiyechora chochote: kazi yake ni kuhakikisha kila kitu kimekwisha kwa siku na pesa zilizopangwa.

Kwa hivyo kijana akisema, "Nimesomea animesheni," mwajiri atamwuliza, "Sawa, lakini unajua kufanya nini hasa?" Asiye na jibu hurudi nyumbani na karatasi yake.

Mlango wa kwanza: studio

Mlango huu upo kweli. Tinga Tinga Tales, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye televisheni ya watoto ya Uingereza, kilitengenezwa Nairobi. Dar es Salaam, Ubongo Kids kilianza mwaka 2014 kufundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2023 filamu fupi kumi za Waafrika zilitoka Disney+ kwa jina Kizazi Moto. Moja ni ya Mkenya, Ng'endo Mukii. Nyingine ni ya Raymond Malinga wa Uganda, na inahusu wachungaji wa ng'ombe. Mnaona? Hata ng'ombe wetu wana hadithi.

Na kwa kuwa tuko Ramadhani: kule Dubai, katuni ya Freej, ya vikongwe wanne wa mtaani, ilianza Ramadhani ya mwaka 2006. Mwaka uliofuata, Malaysia ilianza Upin & Ipin ili kuwafundisha watoto maana ya mwezi huu.

Lakini studio ni chache, na kazi nyingi ni za mkataba. Kipindi kikiisha, mkataba umeisha.

Mlango wa pili: nje ya studio

Hapa ndipo vijana wetu hawaangalii. Vituo vya televisheni vinahitaji michoro ya matokeo ya uchaguzi na hali ya hewa. Wachoraji wa majengo wanataka kuonyesha nyumba kabla haijajengwa. Wachapishaji, hospitali, watengenezaji wa michezo ya simu, wote wanahitaji picha zinazotembea.

Hata hapa nyumbani. Kila mchumaji chai anaambiwa achume majani mawili na chipukizi. Mkulima mpya anaweza kuonyeshwa jambo hilo kwa dakika moja, kwa Kikalenjin, kwenye simu yake. Vilevile usafi wa kukamua maziwa, au jinsi mkopo wa sacco unavyohesabiwa. Je, ni nani kati yenu amewahi kubisha mlango wa chama cha ushirika akiwa na kazi ya kuonyesha?

Mlango wa tatu: kufundisha

Sanaa sasa ni mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu, iliyoanza mwaka 2026. Ila jueni mapema: shule ya serikali inataka mtu aliyesomea ualimu na kusajiliwa na TSC.

Mashine na kamari

Kijana ataniuliza kuhusu akili bandia. Sisi watu wa chai tunalijua jambo hili. Mashine za kuchuma zilipokuja, vibarua walilia, na Mei 2023 huko Kericho baadhi zilichomwa moto. Sitawadanganya, kazi ndogo ndogo za animesheni zitapungua. Atakayebaki ni yule anayejua kusimulia, anayemjua mteja wake, na anayejua kurekebisha pale mashine ilipokosea.

La pili ni halali. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa tangazo la kamari. Malipo yake yangelipa kodi ya miezi mitatu, na nilikuwa nadaiwa. Nilikataa, na siku hiyo nililia. Msingoje siku ya njaa ndipo muamue. Na anayeona uzito juu ya kuchora viumbe wenye roho, na awaulize wanazuoni wake. Majengo, ramani, mashine na maandishi pia ni kazi.

Nasaha zangu

Kijana: chagua ujuzi mmoja. Tengeneza mkanda wa dakika moja wenye kazi zako bora tu. Mwajiri atautazama huo kabla ya shahada. Programu ya Blender ni ya bure, kwa hivyo usiseme huna pa kuanzia. Andikiana na mteja, na chukua sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Mimi niliwahi kufanya kazi ya miezi miwili kwa maneno matupu, na sijalipwa mpaka leo.

Mzazi: usimwulize kila siku, "Umepata kazi?" Mwambie, "Nionyeshe ulichotengeneza wiki hii." Akiwa na cha kukuonyesha, mvumilie. Akiwa hana, mwamshe.

Yule mama nilimpa jibu hilo hilo. Aliniambia, "Basi leo jioni nitamwambia anionyeshe."

Allah awafungulie vijana wetu riziki ya halali, na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.